Hivi hii misafara ya baiskeli ya Jumapili inamsaidia nani ikifika Jumatatu?

SpokuMoja
Wakuu, heshima zenu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye msafara wa baiskeli. Tulianzia Coco, tukapita daraja la Tanzanite mpaka Feri, tukageuza. Fulana za kijani bure, maji bure. Mgeni rasmi alikata utepe, akaendesha kama mita hamsini hivi, akashuka, akaingia kwenye gari lake lenye kiyoyozi. Sisi tukaendelea. Mbele pikipiki ya trafiki, nyuma ambulensi, magari yamezuiwa. Tangu nizaliwe sijawahi kupita lami ya Dar na baiskeli bila kugeuza shingo kila baada ya sekunde tano. Siku hiyo nilipita nikiwa naimba.

Sasa tulipokaribia Feri akatokea mzee na Phoenix yake. Keria imefungwa kwa mipira ya tyubu, juu tenga la samaki limefunikwa kiroba kinachochuruzika maji mpaka kwenye madigadi. Anatoka mnadani anawahi wateja wake. Akatukuta tumejaa barabara nzima, akajichomeka katikati yetu aende zake. Kijana mmoja mwenye riflekta ya njano akampulizia filimbi: "Mzee, toka barabarani, hapa kuna msafara wa baiskeli!"

Mzee akashuka. Akasimama pembeni ya mtaro, baiskeli mkononi, akasubiri waendesha baiskeli tupite.

Jumatatu asubuhi nikasimama kituoni Sinza kusubiri daladala, nikawa nahesabu baiskeli zinazopita. Nusu saa nzima nimehesabu nne: muuza mkate, wawili wa matenga, na mwanafunzi mmoja. Fulana ya kijani hata moja. Na mimi mwenyewe baiskeli nimeiacha koridoni.

Naomba tuambiane ukweli. Tatizo ni nini?

Napita Tu
Tatizo ni fulana. Wangegawa supu, mngekuja hata Jumatatu.

Binti Magomeni
Jasho. Mtu asidanganye hapa. Mimi natoka Magomeni naenda Posta, sio mbali kivile, kwa baiskeli ni pungufu ya nusu saa. Lakini Februari hii nikifika ofisini saa mbili nakuwa nimelowa kama nimetoka kuvua. Bafu hakuna. Choo kimoja ghorofa nzima na ufunguo anao katibu muhtasi. Nibadilishie wapi nguo? Jumapili unatoka jasho unarudi nyumbani kuoga, ndiyo maana Jumapili watu wanakuja. Tusitafute mchawi.

Ng'wana Ibinzamata
@Binti Magomeni jasho gani dada yangu, kwani Shinyanga hakuna jua? Huku kwetu baiskeli ndiyo ilikuwa daladala yenyewe, na jina lake lilikuwa hilohilo, daladala. Unafika stendi, unapanda keria yenye mto wa sponji na vitambaa vya kuning'inia, jamaa anakukanyagia mpaka mlangoni. Suti unavaa, viatu vinang'aa. Anayetoka jasho ni dereva.

Kilichoua ni bodaboda. Walipoingia wale wa pikipiki, daladala za baiskeli zikabaki za kubebea magunia. Huku hakuna msafara wala fulana, na bado ukienda gulioni unakuta baiskeli zimelazwa kama mitumbwi.

Napita Tu
Wasukuma na baiskeli tena. Ile yenye redio mbele, saitimira mbili, kengele tatu na breki hakuna.

Ng'wana Ibinzamata
@Napita Tu breki ni kandambili kwenye tairi la nyuma, wewe hujaendesha baiskeli wewe.

Dereva wa Kimara
Nitaongea kwa niaba ya wenye magari kabla hamjatusingizia. Barabara ya Morogoro ilipojengwa ya mwendokasi ile awamu ya kwanza, Kimara mpaka Kivukoni, iliyoanza 2016, pembeni waliwawekea njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Jiji likapewa mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri 2018. Sasa nendeni mkaiangalie hiyo njia leo. Bodaboda wamepaki, mama ntilie ameweka benchi, kuna sehemu mtu amemwaga mchanga wa kujengea nyumba yake. Mwendesha baiskeli anashuka barabarani kwangu, mimi nimgonge, niitwe muuaji. Mkiandamana na fulana zenu Masaki, mlishawahi kuandamana Manzese kwenye njia yenu wenyewe?

SpokuMoja
@Dereva wa Kimara kiongozi hapo umenishika pabaya. Hatujawahi.

Mzee Kibo
Vijana, habari za leo.

Mnazungumza kama vile Dar haijawahi kuona Jumapili bila magari. Enzi za Mwalimu, mafuta yalipokuwa ya shida, gari binafsi lilikuwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukikutwa unaendesha bila kibali unasimamishwa. Saa saba na dakika arobaini unaona watu wanakimbiza magari kurudi nyumbani kama mvua inakuja. Ikigonga saa nane, Barabara ya Morogoro ni nyeupe. Tulikuwa tunatoka Ilala na baiskeli za baba zetu, mguu unapitishwa katikati ya fremu kwa sababu kiti hatukifikii, tunakwenda mpaka Magomeni tunarudi. Hakuna mgeni rasmi.

Na baiskeli wakati huo ilikuwa mali. Baba yangu alikuwa na Raleigh, akiifuta kila jioni kwa mafuta ya taa na kitambaa, na usiku inalala chumbani kwake, si koridoni kama ya SpokuMoja.

Binti Magomeni
Mzee shikamoo. Hapo kwenye mguu katikati ya fremu nimecheka, kaka yangu alijifunza hivyohivyo akavunjika jino.

Mbongo Utrecht
Shikamoo zote ziende kwa Mzee Kibo, ila hilo la Jumapili limenigusa. Niko Uholanzi mwaka wa tisa. Huku nao walikuwa na Jumapili zisizo na magari, zilianza Novemba 1973, mafuta yalipopanda baada ya vita vya Mashariki ya Kati. Watu walitoka barabara kuu na baiskeli, wengine na farasi. Kwa hiyo mafuta hayohayo yalituletea Jumapili sisi na wao. Sisi tukarudi kwenye magari, wao wakabaki na baiskeli. Hilo ndilo swali la kujiuliza.

Dereva wa Kimara
@Mbongo Utrecht Wazungu hao wamezaliwa na baiskeli, usitulinganishe.

Mbongo Utrecht
Si kweli mkuu. Miaka ya 60 walikuwa wanafukia mifereji na kubomoa nyumba wapitishe magari. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa barabarani, zaidi ya 400 kati yao watoto. Wazazi ndio walioinuka, wakalala barabarani na baiskeli zao, wakaita kampeni yao "Acheni kuua watoto". Waliingia barabarani wakiwa na hasira, na walichotaka kilikuwa kinajulikana: punguzeni mwendo hapa, wekeni njia pale. Sasa msafara wa SpokuMoja ulikuwa unadai nini?

SpokuMoja
Bango lilikuwa limeandikwa "Baiskeli kwa Afya Bora".

Napita Tu
Nani anapinga afya bora? Hata mgonjwa anaunga mkono.

Kanzu Nyeupe
Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, na nnawashangaa nyie wa Bara mnavyohangaika. Huku mwalimu anaenda skuli kwa baskeli, imamu anaenda msikitini kwa baskeli, kanzu kaikunja kidogo kaibana na kibanio cha nguo isiingie kwenye cheni. Watoto wa kike wanaendesha na hijabu zao, na hakuna anayegeuka kutizama. Hapana msafara wowote. Kisiwa tambarare, na mitaa ya Mji Mkongwe gari haiingii utake usitake. Basi nadhani jawabu ni udongo tu: pahala tambarare na njia nyembamba, baskeli inakuja yenyewe.

Ng'wana Ibinzamata
Kanzu Nyeupe, Dar nayo ni tambarare.

Kanzu Nyeupe
Njia nyembamba hawana lakini. Wana barabara za leni nane-nane.

Jamaa wa Kasarani
Wasee wa Bongo, naingilia kidogo. Hapa Nairobi tuko na ile ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Critical Mass, watu kibao, hakuna kulipa. Mwanzoni mimi pia nilidhani ni kujionyesha tu. Lakini kuna kitu inafanya. Nilikuwa naogopa Thika Road kama simba. Nikaenda na kikundi miezi mitatu, nikajua jinsi ya kushika leni, jinsi ya kunyoosha mkono, matatu ikikubana unafanya nini. Sasa naenda job na baiskeli siku tatu kwa wiki. So usiseme haisaidii. Imenisaidia mimi.

Tofauti naona ni kwamba sisi hatufungiwi barabara kama mgeni wa serikali. Tunaendesha ndani ya trafiki ileile ya kila siku. Ukifungiwa barabara unajifunza nini?

SpokuMoja
Hii ya Jamaa wa Kasarani nimeipenda. Kweli Jumapili nimejifunza kuendesha kwenye barabara ambayo Jumatatu haipo.

Baharia wa Kijitonyama
Hiyo misafara ndiyo iliyoanzisha Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 1992, kule Marekani.

Mbongo Utrecht
Umechanganya vitu viwili kaka. 1992 ni San Francisco, watu walianza kutoka pamoja mara moja kwa mwezi, ndiyo asili ya hiyo ya Nairobi. Siku ya Baiskeli Duniani ni tarehe 3 Juni, Umoja wa Mataifa uliipitisha 2018.

Baharia wa Kijitonyama
Sawa professor.

Fundi Solesheni
Mimi nina kijiwe changu Manzese, mwaka wa 14 huu nachomelea na kuziba. Nilikuwa nasoma tu, sitaki kuandika, ila mmegusa ugali wangu.

Kila baada ya msafara napata wateja wa wiki moja. Wanakuja na baiskeli za gia, mpya, cheni kavu, tairi imekaa store mwaka mzima inapasuka pembeni. Namwambia kaka hii tairi haifai, anasema weka upepo tu Jumapili naitumia. Wiki ya pili simuoni. Wateja wangu wa kweli ni wauza mkate, wa matenga, walinzi wa usiku, na wale wa maguta ya maji. Wale hawajawahi kuniuliza kuhusu msafara.

Shida kubwa ni spea. Baiskeli za mtumba za Kijapani ni nzuri, fremu nyepesi, ina kikapu, ina taa ya dainamo. Lakini nyingi tairi lake ni namba 27. Mjini unapata 26 na unapata 28 za Phoenix. 27 utaitafuta mpaka Kariakoo na ukiipata bei yake unaweza kulia. Mtu anaiacha. Mlango wa pili kwangu kuna jamaa ana kijapani chake amekigeuza stendi ya kuuzia vocha.

Kwa hiyo mnaposema aibu, jasho, barabara, mimi nasema tairi 27.

Binti Magomeni
Jamani tairi 27. Nimekuja na jasho nikidhani nina hoja.

Dereva wa Kimara
Hahaha. Fundi amefunga uzi.

Mzee Kibo
Hajafunga. Aibu ipo. Mjukuu wangu yuko chuo, nimemwambia nitakununulia baiskeli. Kaniambia babu, watasema nauza mayai. Huyo hana shida ya tairi wala barabara. Wakati wetu aliyekuja kuposa na baiskeli alikuwa anapewa kiti chenye mto.

Ng'wana Ibinzamata
Mzee Kibo nakazia. Na ukitaka kujua ni aibu, angalia baiskeli ya laki mbili na ya milioni tatu. Ya milioni tatu na kofia ngumu na miwani, huyo ni mwanamichezo. Ya laki mbili na kandambili, huyo ni masikini. Barabara ileile, jua lilelile. Yule mzee wa samaki angekuwa na kofia ngumu, kijana wa filimbi angempisha.

SpokuMoja
Na kweli. Nadhani alimtazama miguuni kwanza.

Bwiza wa Buja
Mie natoka Bujumbura. Huku kwetu mwaka 2022 serikali ilizuia baiskeli, bajaji na pikipiki kuingia katikati ya mji. Sisi tulikuwa na wataalamu wa baiskeli za kubeba ndizi wanashuka milima kama risasi, wengine wakipanda wanashika lori kwa nyuma. Si kitu cha kuiga. Lakini nataka muone: serikali ikiamua baiskeli ni uchafu wa mji, hakuna jasho wala tairi litakalokusaidia.

Mwana Goma
Sisi huku Goma tuko na chukudu, baiskeli ya mbao, haina pedali, inabeba makala (mkaa) na viazi kilo mia kadhaa, inashuka kutoka milimani. Na tuliipa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Ni yule mwenye kubeba mzigo ndiye tulimjengea sanamu, si mwenye fulana.

Napita Tu
Bongo sanamu ya askari, Goma sanamu ya guta. Nimehamia Goma.

Baharia wa Kijitonyama
Hapa Afrika Mashariki tungekuwa na mabingwa kama akina Froome watu wangeendesha tu. Tatizo hatuna wa kuwaiga. Yule Mwafrika Kusini ameshinda Tour de France mara tatu.

Jamaa wa Kasarani
Pole pole buda. Chris Froome amezaliwa Nairobi, 1985. Amejifunza baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu, na Kinjah bado anafundisha vijana. Ameshinda Tour mara nne: 2013, 2015, 2016, 2017. Sasa kama kuzaliwa kwa bingwa kungetosha, Nairobi ingekuwa Utrecht. Haijawa.

Baharia wa Kijitonyama
Na yule Mweritrea aliyeshinda ubingwa wa dunia Kigali mwaka jana?

Jamaa wa Kasarani
Hiyo pia hapana, na ilikuwa Septemba 2025. Kigali aliyeshinda mbio za barabarani za wanaume ni Pogačar wa Slovenia. Mweritrea unayemtaja ni Biniam Girmay, yeye alichukua jezi ya kijani Tour de France 2024, hatua tatu alishinda. Ila mashindano yale Kigali yalikuwa ya kwanza ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Afrika, hapo heshima kwa Rwanda.

Baharia wa Kijitonyama
Naomba nikae kimya kwenye uzi huu.

Binti Magomeni
Usikae kimya Baharia, ukikosea ndio tunajifunza.

Ila mmetaja Kigali. Shemeji yangu anakaa Kimironko, anasema kule wana Jumapili zao zisizo na magari, mara mbili kwa mwezi, zilianza 2016. Barabara zinafungwa asubuhi, watu wanakimbia, wanaendesha, watoto wanacheza, kuna sehemu za kupima presha. Nikamuuliza, Jumatatu je? Akaniambia Jumatatu anapanda moto, yaani bodaboda, kama kawaida, milima ile ataipandaje na baiskeli. Kwa hiyo hata Kigali swali la SpokuMoja linabaki palepale.

Mbongo Utrecht
Bogota nako hivyohivyo. Wao walianza 1974, na sasa wanafunga barabara kila Jumapili, zaidi ya kilomita 100, mji mzima unatoka. Lakini kule baadaye wakajenga na njia za kudumu za baiskeli. Wengine wanasema Jumapili ndiyo iliyozaa njia, wengine wanasema alikuja tu meya mwenye akili. Mimi nadhani watu walizoea kuiona barabara bila gari, basi wakaanza kuitaka.

Mzee Kibo
Sisi tulizoea Jumapili saa nane. Hatukuitaka. Tulitaka petroli.

Dereva wa Kimara
Mzee leo umetoka na mawe.

Riflekta Njano
Nimesoma uzi mzima. Mimi ndiye niliyepuliza filimbi.

Naombeni mnisikilize kabla ya kunirushia mawe. Tulipewa maelekezo asubuhi: asiyekuwa na namba kifuani asiingie ndani ya msafara, kwa sababu akianguka mtu ambulensi ni ya waliojiandikisha na mwandaaji ndiye anayebeba lawama. Mzee yule alikuwa na tenga pana, mbele yangu kulikuwa na watoto wa shule kama thelathini wanaendesha wanayumba. Tenga likimgusa mtoto je? Nilifanya kazi yangu. Sikuangalia miguu yake.

Ila nakiri lugha yangu haikuwa nzuri, na ile sentensi niliyosema nimeisoma hapa ikanichoma. Sikuisikia wakati naisema.

Na mseme mnavyosema, mimi mwenyewe siku ile nilikuja kwa bodaboda.

Napita Tu
HAHAHAHA. Filimbi ililipiwa nauli ya boda.

SpokuMoja
@Riflekta Njano kaka shukrani kwa kujitokeza, sikukujua na sikutaka kukuaibisha. Hoja ya watoto naielewa. Lakini mngeweza kumpa namba akapita nasi mpaka mataa.

Fundi Solesheni
Mngempa hata fulana. Yake ya zamani imechakaa, namuona kila siku, kama ndiye ninayemdhania. Mwenye keria ya chuma cha nondo? Nilimchomelea mimi.

SpokuMoja
Keria ya nondo, ndiyo, na kengele imefungwa waya.

Fundi Solesheni
Ndiye. Anatoka Feri anakwenda mpaka Mburahati kila siku ya Mungu. Kwenye uzi mzima huu ndiye pekee mwenye jibu, na hana simu ya intaneti.

Mama Pacha wa Mbagala
Nimechelewa lakini mbona hakuna aliyesema kuhusu sisi wanawake? Binti kasema jasho tu. Mimi nilijaribu. Gauni linaingia kwenye cheni. Ukivaa suruali, konda anapiga mluzi, bodaboda wanakusindikiza "dada nikusukume?" Jioni giza, taa za barabarani nusu haziwaki. Msafarani tuko wanawake wengi kwa sababu tuko pamoja na mchana. Peke yangu Barabara ya Kilwa saa moja usiku siendi hata mnipe tairi 27 za dhahabu.

Binti Magomeni
Mama Pacha umesema nililoona aibu kulisema. Jasho lilikuwa la kuanzia.

Jamaa wa Kasarani
Hapo ndio nasema mtafute wenzenu wa njia moja. Sisi kuna watu wanakutana stage saa kumi na mbili asubuhi, wanne watano, wanaenda town pamoja. Hakuna jina, hakuna bango.

Mbongo Utrecht
Na Dar si kwamba hakuna wa kuwauliza. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli Dar, walikuwa wanatoka na msafara wao kila mwaka miaka hiyo, na bango lao lilikuwa linadai njia za baiskeli, si afya bora. Na hawa wa Twende Butiama wanaokanyaga kutoka Dar mpaka kwa Mwalimu kila Oktoba, hao barabara kuu wanaijua kuliko Tanroads. Wapo watu. Tatizo kila kundi na Jumapili yake.

Dereva wa Kimara
Hao wa Butiama nilipishana nao Gairo, upepo unawapiga usoni, mlima huo. Niliwapigia honi ya heshima. Nilishangaa nilivyowapa nafasi pana, halafu siku iliyofuata Kimara nikambana muuza mkate. Najisema mwenyewe hapa.

SpokuMoja
Wakuu, mrejesho.

Jana Jumatatu nimeenda kazini na baiskeli. Sinza mpaka Posta. Nilitoka saa kumi na mbili kasoro, kiza bado, nimebeba shati kwenye mfuko wa plastiki na kopo la maji. Shekilango ilikuwa nyepesi. Mataa ya Magomeni bajaji ilinibana hadi nikapanda kwenye ukingo. Njia ya baiskeli nimeitumia vipande vitatu, cha nne kulikuwa na jiko la chapati limewaka, mama akaniambia "pita tu baba, usimwage mafuta".

Jangwani nikapata pancha. Fundi wa pale kaifungua, tyubu imechanika pembeni ya valvu, haizibiki. Kaniuzia mpya. Kale kampira ka valvu akakalowesha mate, akakavika, akajaza upepo, dakika kumi nimeondoka. Fire nikamuona mtu na tenga mbele yangu, nikajua ni mzee, nikakanyaga nimfikie nimsalimie. Sikumfikia. Ana mzigo na mimi nina gia kumi na nane, kaniacha.

Kazini mlinzi kagoma nisiegeshe kwenye maegesho, kasema ni ya magari. Ipo sasa hivi stoo ya majani ya chai. Nimenawa kwenye sinki ya kuoshea vikombe. Binti, ulichosema ni kweli tupu.

Riflekta Njano
Kesho unatoka saa ngapi? Mimi nipo Mabibo. Baiskeli naazima kwa mdogo wangu.

SpokuMoja
Kumi na mbili kasoro, mataa ya Shekilango. Ila tairi la nyuma tangu jana linapwaya, nimelijaza mara mbili.

Kanzu Nyeupe
Baskeli yako ya wapi?

SpokuMoja
Ya Kijapani, mtumba. Gia kaongeza mwenyewe wa kwanza.

Fundi Solesheni
Bonyeza tairi usome pembeni, imeandikwa ngapi?

SpokuMoja
27.

Fundi Solesheni
Na tyubu aliyokuuzia?

SpokuMoja
Ngoja nishuke stoo.

...

26.